Maji ya Udhu ya Shangazi Yako

Mwanangu Thuwaiba,

Nakuandikia na wewe hujaondoka. Uko uani, rafiki yako Rukia anakusuka, na kila akikuvuta nywele nakusikia unamlalamikia. Nimejifungia chumbani nikawaambia napanga nguo zako. Nguo nimezipanga kweli, tena mara tatu, kila mara nazitoa na kuzirudisha vilevile. Barua hii nitakupa mkononi kesho asubuhi. Uisome njiani kabla hamjafika Horohoro, maana ukishavuka mpaka utakuwa na mengine ya kufikiri.

Ya kuswali, ya kufua, ya kutotembea na simu mkononi barabarani, hayo sikuandikii. Nimekuimbia tangu unatambaa, na kama hayajaingia mpaka leo basi karatasi haitayaingiza.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumatatu jikoni. Ulikuwa unamenya vitunguu, hata kichwa hukuinua. Ukasema, "Mama, nikiwa kule kwa Shangazi Salha, nile anachopika?" Mimi nikakwambia nipe hicho kisu. Ukanipa. Nikasimama nacho, na wallahi sikujua nakitakia nini. Ukangoja, ukaona sijibu, ukaenda kutafuta kisu kingine.

Una miaka kumi na tisa, umepata chuo Mombasa, na miaka mitatu utalala kwenye nyumba ya mwanamke ambaye mimi ndiye niliyekufundisha kumwogopa. Tangu Jumatatu nalitafuta jibu lako. Nikilishika huku linachomoka kule. Kwa hiyo nitakueleza yote jinsi yalivyokuwa, na pale nisipoelewa nitakwambia sielewi.

Shangazi yako unamkumbuka kwa mbali, ulikuwa na miaka saba alipoondoka hapa. Ni dada wa baba yako, mkubwa wake kwa miaka miwili. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa, akarudi kwa kaka yake, akakaa nasi miaka mitano humu humu Nguvumali, chumba kile cha nyuma tunachowekea majani ya ng'ombe.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, unajua. Kwetu tulijua michungwa, ng'ombe tulimwona akipita. Nilipoolewa na watu wa baba yako, mama mkwe alinionyesha kibuyu cha kusukia maziwa kabla hajanionyesha kitanda. Wao babu zao walitoka Omani, na kwao nyumba isiyopika samli yake wanaiona kama ya kupanga. Nilijua kukuna nazi na kusonga ugali, lakini kile kibuyu kilichoning'inia kwa kamba bandani kilinitisha kuliko mama mkwe mwenyewe.

Aliyenifundisha ni Salha. Kila alipokuja kutembea, na baadaye alipohamia, ndiye aliyekaa nami bandani baada ya sala ya alfajiri, jua halijatoka, maana jua likishatoka Tanga hii siagi inalainika na haikusanyiki. Tulimimina mtindi mpaka nusu ya kibuyu, tukakifunga gunia bichi, yeye akashika kamba na kukivuta kwake, mimi nikakisukuma kurudi. Nilikuwa nasukuma kwa nguvu zote. Akawa ananicheka.

"Wee wifi, mbona wakisukuma kama wagombana nacho? Taratibu. Kisikilize."

Nisikilize nini? Miezi miwili nilisikia chwa, chwa, basi. Mpaka asubuhi moja nikasikia alichokuwa akisema. Mwanzo maziwa yanapiga mazito, halafu yanakuwa kama yameondoka, huyasikii, halafu ghafla kuna kitu kinagonga ndani. Hapo unaacha, unatia maji baridi kidogo, unakusanya kwa mkono. Siku hiyo Salha alinipigia kigelegele peke yake bandani, majirani wakadhani kuna posa. Nataka ujue kwamba alinifanyia hivyo.

Kisha akazaliwa mdogo wako Nassor. Nikawa ndani, siku arobaini zangu, na kazi yote ya maziwa ikawa mikononi mwa Salha. Siku ya arobaini ilikuwa tupike bokoboko kwa watu wa Tongoni wote, ukoo mzima wa baba yako, na bokoboko bila samli ya nyumbani juu yake ni ngano iliyopondwa tu. Mama mkwe alishasema: "Twaja kuionja samli ya mkwe wetu." Alisema kwa furaha, mimi nikaisikia kama hukumu.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, Hinna. Asubuhi moja Salha akamkamua, akapita na ndoo dirishani kwangu, akasema kwa sauti, "Wifi, angalia maziwa ya Hinna yalivyonona! Mazito kama uji!"

Nikangoja aseme mashallah. Hakusema. Akapita na ndoo yake.

Kuanzia hapo siagi haikutoka. Nilikuwa nimelala na Nassor kifuani, nasikiliza. Chwa, chwa, chwa, jua linapanda, mkono wa Salha unachoka, anapumzika, anaanza tena. Kinachotoka ni povu. Siku ya kwanza nikasema labda mtindi haukuiva. Siku ya nne nilishaanza kukumbuka lile neno ambalo hakulisema. Jirani yetu Mama Mwanaidi, aliyekuwa akija kunikanda tumbo, akalimalizia. "Shoga, mtu asiye na mtoto unamkabidhi maziwa ya nyumba yenye kichanga? Wee nawe!" Marehemu sasa, Mungu amrehemu, na simtupii lawama. Angesema hata mara mia, kama mimi nisingetaka kusikia, nisingesikia.

Nikatoka kitandani kabla ya siku zangu, jambo ambalo mzazi hafanyi, nikamimina maji ya moto ndani ya kibuyu ili siagi ijikusanye haraka. Ikawa shombo tupu. Mtindi wote tukawamwagia kuku. Salha akanifuta jasho kwa ncha ya kanga yake, akasema, "Wifi, hebu rudi ndani. Mie naona ni ng'ombe. Ana mimba kubwa huyu, maziwa yamechoka. Tumwache akauke."

Nikajisemea, tazama anavyomsingizia mnyama.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Unajua desturi yetu: mtu akishukiwa ana jicho, anaombwa atawadhe ndani ya chombo, na maji yale anamwagiwa aliyepatwa. Wenye adabu huomba faraghani, kwa upole, kwa sababu jicho halina hiari na huenda mwenyewe hajijui. Mimi sikuomba faraghani. Nilitoka na beseni la bluu, lile tulilokuogeshea wewe, nikaliweka chini mbele ya Salha uani. Mama Mwanaidi alikuwepo, na mama mkwe aliyekuja kumwona mjukuu, na wewe ulikuwa unacheza mlangoni.

"Wifi," nikasema, "nakuomba utawadhe humu."

Akalitazama beseni. "Humu?"

"Humu."

"Mtoto ana nini?"

"Hana kitu. Ni ya ng'ombe."

Akaketi kwenye kigoda, akavua bangili zake moja moja akazipanga juu ya jiwe. Akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso, mikono mpaka viwiko, akapaka kichwa, akaosha miguu. Hakuharakisha. Alitawadha kama anayejiandaa kuswali, na nadhani midomo yake ilikuwa ikisema kitu, ila sikuisikia. Akainuka, akanisogezea beseni kwa mguu uliolowa. "Chukua. Yasipotosha, niambie."

Nikayachukua nikammwagia Hinna mgongoni na mengine nikakinyunyizia kibuyu. Nilikuwa na hakika kabisa. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na hakika ya jambo kuliko ile asubuhi, na hilo ndilo linalonitia hofu leo kila nikiwa na hakika ya kitu.

Ijumaa baada ya sala akaondoka. Baba yako alimbebea sanduku mpaka stendi. Wewe ulimshika buibui ukalia mpaka kifungo kikakatika, nikakuvuta mimi. Usiku ule ukauliza Shangazi amekwenda wapi, nikakwambia amekwenda kwa sababu ana jicho na jicho lake linakausha maziwa. Ulikuwa na miaka saba. Ukaacha kumtaja.

Bokoboko la arobaini tukalipikia samli ya dukani. Mama mkwe akala, akashukuru, hakusema lolote, na mimi nikaona hata hilo ni kosa la Salha.

Kama mwezi hivi baadaye Hinna akazaa. Tukapitisha zile siku za dang'a, tukaanza kukamua maziwa ya kawaida, tukagandisha, nikasukasuka. Kikagonga! Hata jua halijatoka. Siagi ya manjano, mkono mzima. Nikakimbia nayo ndani nimeiweka kwenye sahani, nikamwonyesha baba yako, nikasema, "Umeona?" Akaitazama. Akasema, "Nimeona," akaenda kazini bandarini. Nami miaka kumi na miwili nimeishi na ushahidi ule. Kila aliyeniuliza habari za wifi yangu nilimpa kisa cha sahani ile.

Na kuna jambo jingine, Thuwaiba, nalo ni lako, sina budi. Yale magauni ya Idi. Unakumbuka watoto wa Mama Mwanaidi walivyokuwa wakivaa magauni ya malinda, kola imetariziwa, ukanililia kwa nini sisi hatuna fundi kama wao? Yalikuwa yako. Salha alikushonea kila mwaka, akakisia urefu wako kwa akili, akampa mtu anayekuja Tanga. Nilikuwa nayaloweka maji ya chumvi, nayaanika, nayagawa. Moja tu nililibakiza, la kijani, na sijui kwa nini nililibakiza. Lipo chini kabisa ya sanduku lako. Halikutoshi tena, ni la mtoto wa miaka tisa.

Mwaka jana, wewe uko bweni, Lulu akaanza mambo yale yale. Lulu ni mjukuu wa Hinna. Maziwa mazito, ya kupendeza machoni, nasukasuka mpaka mabega yanawaka, povu. Siku ya pili, povu. Siku ya tatu nikasimama bandani nikageuka nyuma kumtafuta mtu. Hapakuwa na mtu. Baba yako kazini, Nassor shule, Mama Mwanaidi kaburini. Nilikuwa peke yangu na ng'ombe.

Akaja bwana mifugo kumchanja. Nikamweleza kama natania. Akamgusa tumbo akasema, "Mama, huyu anakaribia kuzaa. Maziwa ya mwisho mwisho mafuta yake hayashikani, na joto hili ndiyo kabisa. Mwache akauke, akizaa utapata siagi yako."

Nikamuuliza, "Hata kama kuna mtu ameyatazama?"

Akacheka. "Ayatazame mpaka achoke, mama."

Aliondoka, nikakaa chini kwenye majani. Nikahesabu kwa vidole miezi ya Hinna. Nikahesabu tena kwa mkono mwingine, kana kwamba ule ungenipa jibu jingine. Maneno ya bwana mifugo yalikuwa yale yale aliyoniambia Salha uani bure, akinifuta jasho, na mimi nilimlipa kwa beseni.

Hapo ungedhani nilielewa, mambo yakaisha. Hayakuisha. Ndipo nilipopotea. Akili inaniambia ni ng'ombe, na naikubali. Lakini jana tu umetoka kuoga, Rukia akasema, "Nywele za Thuwaiba nyingi!" na mimi huku jikoni nikasema mashallah mbio mbio kama ninayezima moto. Kwa hiyo naamini nini? Jicho limetajwa, wazee wetu wamelijua, siwezi kusimama hapa nikakwambia halipo. Najua tu kwamba safari ile sikulitafuta nikalikuta. Nililihitaji, nikalipata.

Na kwa nini nililihitaji? Hapa ndipo pagumu, na nimeandika sentensi hii nikaifuta, hiki ni kipande cha pili cha karatasi. Wewe ulikuwa ukilala kwa Shangazi. Ukiamka na ndoto mbaya ulikuwa ukipita mlango wangu kwenda chumba cha nyuma. Baba yako alikuwa akirudi kazini anaanza kumsimulia yeye. Samli yangu ilikuwa ya mkono wake. Nilimpenda, Thuwaiba, alikuwa rafiki yangu pekee katika nyumba ile, na nilikuwa namwonea wivu mpaka maziwa kifuani yakiniuma. Yote mawili kwa siku moja. Sijui lipi lilibeba lile beseni. Huenda nilimfukuza kwa siagi, huenda nilimfukuza kwa ajili yako, na huenda nilikuwa tu mzazi asiyelala siku thelathini. Nazizungusha zote tatu, kila moja inakuwa kweli kwa saa moja.

Juzi nilimuuliza baba yako. Nilimngoja amalize chai. "Siku ile mbona hukusema kitu?"

"Ungenisikia?"

"Sasa mbona unampeleka mtoto kwake?"

"Kwani nimpeleke wapi? Ni dada yangu," akasema, akafungua redio. Kama ana hasira nami sikuiona, na kama hana pia sikuiona. Miaka ishirini na moja nimelala na mtu huyu.

Swali lako sasa. Kula, mwanangu. Kula anachopika na uombe kuongezewa. Nisingekujibu hivyo Jumatatu, nakujibu leo na bado nina mashaka na kila kitu kingine. Akikusifia na asiseme mashallah, usimkodolee macho ukingoja kama nilivyongoja mimi. Liseme wewe, lisikike, mwendelee na mazungumzo yenu. Mimi ningeweza kulisema lile neno kupitia dirishani. Nilikuwa na mdomo.

Na siku moja utakuwa na hakika ya jambo baya juu ya mtu, na ushahidi utakuja wenyewe mpaka mlangoni umekaa kwenye sahani. Sikwambii usiuamini. Mimi nani wa kusema? Nakwambia tu umuulize na yeye, mkiwa wawili, bila watu uani.

Leo baada ya adhuhuri nikampigia simu. Namba niliitoa kwenye simu ya baba yako, nikaiandika kiganjani kama mtoto wa shule. Nyuma yake nilisikia cherehani. Nikatoa salamu, akaitikia, akauliza nani mwenzangu.

"Mie. Mama Thuwaiba."

Cherehani ikanyamaza. "Mtoto hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Wifi, yale maji…"

"Nayakumbuka."

"Nilikosa. Ilikuwa ng'ombe, kama ulivyosema. Nilikosa, Salha, na magauni pia sikumvisha."

Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea kabisa. "Hinna alizaa nini?"

"Jike."

"Nilijua atazaa jike." Nikamsikia akivuta pumzi. "Mtoto aje, nimemtandikia chumba cha mbele, kina upepo. Ni mtoto wa kaka yangu na nilimlea. Lakini wewe usije, wifi."

"Kesho nisije?"

"Usije mpaka nikwambie. Ukifika hapa nitakupokea vizuri mbele ya watu, nitakupikia, nitacheka. Sitaki kucheka bado."

Nikasema sawa. Akasema sawa. Cherehani ikaanza kabla hajakata simu.

Unajua tulivyopanga: mimi ndiye wa kukupeleka, baba yako abaki na Nassor na ng'ombe. Begi langu lilikuwa tayari, na nguo ya kumwonyesha kwamba nimemvalia. Sasa kufikia hapa unaposoma umeshaona kiti cha pembeni yako amekaa baba yako. Asubuhi utakuwa umeniuliza kwa nini, mbele ya watu, nami nitakuwa nimesema mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi.

Nilitamani sana nikutie mkononi mwake mwenyewe. Nimelia kidogo, usijali, nimenawa uso. Lakini ukifika mlangoni kwake nataka aweze kufungua mlango wote, bila kuchungulia kama mimi nipo nyuma yako. Mpe mkono, ubusu wa kwake, umwamkie. Salamu zangu usimpe, hakuziomba.

Sijui kama ataniita mwezi huu, au ukimaliza chuo, au asiniite kabisa. Usimuulize. Simu yangu nitaiacha wazi.

Mama yako